Kope, dawa za kifafa na tafiti za kuhesabu malalamiko

Mzazi wa mtoto mwenye kifafa akisoma kwamba utafiti umehusisha dawa anayompa mwanawe asubuhi na jioni na ugonjwa wa kope, kitu cha kwanza atakachofanya ni kumwinamia mtoto na kumtazama machoni. Akitazama kwa muda wa kutosha ataona kitu, maana kope za kila mtu hucheza, na za mtoto aliyeamka sasa hivi huwa zimevimba kidogo. Kuanzia hapo kidonge cha jioni kiko hatarini. Ndiyo sababu siwezi kuzipita tafiti za namna hii kama porojo za mtandaoni. Kope inayocheza haimuui mtu. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta mshtuko usiokatika, ule ambao mgonjwa hutoka katika mmoja na kuingia mwingine bila kurudiwa na fahamu, na huo huua.

Chukua dawa yoyote ya kundi hili: levetirasetamu, lamotrijini, topirameti, gabapentini. Hukosi mahali palipoandikwa kwamba watu kadhaa walioitumia walipata matatizo ya kope. Takwimu hizo karibu kila mara zimechotwa katika hifadhi moja ya ripoti za madhara ya dawa, FAERS, inayosimamiwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Humo huingia ripoti zaidi ya milioni moja kila mwaka. Daktari anaweza kutuma, mfamasia anaweza, mgonjwa mwenyewe anaweza, hata wakili anayeandaa kesi. Kampuni za dawa zinabanwa na sheria kuwasilisha yale yanayozifikia. Kila lalamiko hupewa jina kutoka kamusi ya kitabibu iitwayo MedDRA, na katika maelfu ya majina yaliyomo kuna hilo la tatizo la kope. Kisha programu ya kompyuta hupitia, hukusanya ripoti zote zenye jina la dawa fulani na jina hilo la ugonjwa, hutoa jumla, na jumla hiyo huitwa utafiti.

FDA yenyewe haijawahi kuficha udhaifu wa hifadhi yake. Inasema wazi kwamba kuwepo kwa ripoti si uthibitisho kuwa dawa ndiyo iliyosababisha, na kwamba idadi ya ripoti haiwezi kutumiwa kukadiria ni watu wangapi hupatwa na tatizo. Sababu ni nyepesi: hakuna anayejua ni wangapi walimeza dawa ile wakabaki salama. Ni kama kuhesabu bodaboda zilizopata ajali bila kujua ziko ngapi barabarani. Ukiambiwa kampuni moja ina ajali 40 na nyingine 4, hujaambiwa bado ipi ni hatari.

Wataalamu wa usalama wa dawa hujaribu kuizunguka kasoro hiyo kwa hesabu ya uwiano. Tuseme katika ripoti zote za dawa zote, malalamiko ya kope ni 1 kwa kila 1,000, na katika ripoti za dawa moja ni 4 kwa kila 1,000. Hapo wanasema kuna ishara. Ishara maana yake ni kwamba mtu aende akafungue mafaili, asome mgonjwa mmoja mmoja, aulize. Kazi ya utafiti ndipo inapoanza. Anayechapisha ishara kama hukumu amesimama mlangoni na kutangaza yaliyomo ndani.

Halafu kuna mgonjwa mwenyewe. Gabapentini ilianza kama dawa ya kifafa, lakini siku hizi wengi wanaoimeza hawana kifafa kabisa. Wana maumivu ya neva, na wengi wa hao ni wenye kisukari. Kisukari, bila msaada wa dawa yoyote, kinaweza kudhoofisha neva ya tatu ya kichwa, ile inayoinua kope na kuzungusha jicho, na kope ya upande mmoja ikaanguka. Ripoti ikiandikwa kwamba mtu wa miaka 60 anayetumia gabapentini kope yake imeanguka, kompyuta inaona dawa na kope. Sukari iliyoko katikati haionekani, labda aliyejaza fomu awe na subira ya kuiandika.

Kwa kifafa chenyewe jambo hili linazidi kuwa gumu, na hapa nataka tukae kidogo. Mwaka 1977 daktari wa Uingereza, Peter Jeavons, alieleza aina ya kifafa ambayo dalili yake kubwa iko kwenye kope. Mtoto anafumba macho, au anatoka kivulini kuingia juani, na kope zinapepesa kwa kasi, mboni zinapanda juu, wakati mwingine anazubaa kwa sekunde chache kisha anaendelea na alichokuwa akifanya. Walimu hudhani ni utundu. Nyumbani hugombezwa aache kupepesa macho. Aina hii ina jina lake leo katika orodha ya shirika la kimataifa la kupambana na kifafa, ILAE. Sasa fikiria mtoto wa namna hiyo ameanzishiwa dawa baada ya kuanguka mara mbili darasani. Miezi mitatu baadaye mama anaona, kwa mara ya kwanza akiwa makini, kwamba kope zinapepesa. Anasema dawa imemharibu. Ugonjwa ulikuwepo tangu mwanzo, ila sasa kuna mtu wa kuutazama.

Lakini mama huyo huenda ana haki kwa njia nyingine, na ndiyo maana nachukia anapojibiwa kwa mkato. Kabamazepini, ambayo wengi hapa tunaijua kwa jina la Tegretol, pamoja na fenitoini, zinaweza kuzidisha kifafa cha kuzubaa na cha kushtuka misuli. Mtoto mwenye kifafa cha aina ya Jeavons akipewa kabamazepini, kope zinaweza kupepesa zaidi, na lalamiko la mama likawa la kweli mia kwa mia. Dawa haikulisumbua jicho. Imechaguliwa vibaya kwa aina ile ya kifafa. Katika hospitali nyingi za wilaya kabamazepini ni moja ya dawa mbili tatu zilizopo, na kipimo cha EEG, kinachosoma umeme wa ubongo, kiko mbali kwa safari ya basi na kwa bei. Muuguzi anayemsikiliza mama huyo vizuri amepata fununu ambayo mashine ingempa, bila mashine.

Hayo yote yamefichwa chini ya jina moja la tatizo la kope. Kuna kope kucheza, ambako karibu kila mara ni uchovu, kukosa usingizi au kahawa, na ambako pwani wengine hukuchukulia kuwa dalili ya mgeni au ya msiba. Kuna kope kubana kwa nguvu hadi mtu akashindwa kuvuka barabara. Kuna kuanguka kope, kuna kuvimba, kuna kuwaka na kuchubuka. Kila moja ina njia yake mwilini. Kuzijumlisha ni kuchanganya magonjwa matano na kuyapa dawa moja ya kulaumiwa.

Kubana kwa kope ndiko kwenye kazi ya kitabibu ninayoiheshimu. Nchini Japani, Masato Wakakura na wenzake walichapisha mwaka 2004 maelezo ya wagonjwa waliobanwa kope wakiwa wanatumia etizolamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, au dawa za kundi la benzodiazepini, kundi lenye klonazepamu na diazepamu, zinazotumika pia kwenye kifafa. Hawakuhesabu tu majina. Waliwachunguza watu, wakaangalia muda waliotumia dawa, wakaipunguza au kuisimamisha, wakafuatilia kope zinafanya nini. Wengi walipata nafuu. Ushahidi wa aina hiyo una uzito, ingawa bado haufungi mjadala, kwani klonazepamu hiyohiyo madaktari wengine huwaandikia watu wenye tatizo la kubanwa kope ili kulilegeza.

Hoja yangu yote iko hapa, na mfano unaonisadikisha zaidi kuliko wowote ni wa vigabatrini, dawa nyingine ya kifafa. Dawa hii iliruhusiwa Uingereza mwaka 1989. Watu wakaitumia kwa miaka. Mwaka 1997 madaktari watatu wa Kiingereza waliandika katika jarida la BMJ habari za wagonjwa watatu, nasema watatu, ambao uwezo wao wa kuona pembeni ulikuwa umesinyaa na haukurudi. Wagonjwa watatu waliopimwa kwa makini, uwanja wa macho umechorwa, sababu nyingine zimetafutwa na kuondolewa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba tatizo hilo linaweza kumpata hata mtu mzima mmoja katika kila watatu wanaoitumia. Kwa karibu miaka minane madhara yalikuwa yakitokea mbele ya kila mtu, na hayakuonekana kwa kuwa mgonjwa anayepoteza kuona kwa pembeni hajui mapema, na hakuna aliyemkalisha mbele ya kipimo. Hesabu kubwa isingelisaidia kitu. Macho ya daktari yalisaidia.

Topirameti nayo ilifuata njia hiyo. Septemba 2001 madaktari wa Marekani walipata barua ya tahadhari: watu waliokuwa wakitumia dawa hiyo walipata presha ya ghafla ya jicho, maumivu makali na kuona ukungu, kwa kawaida ndani ya mwezi wa kwanza, mara nyingi macho yote mawili. Ripoti zilizokuwa mkononi wakati huo zilikuwa 23. Ila zilisimulia hadithi moja: muda uleule, dalili zilezile, na maelezo ya kimwili yanayoeleweka, kwamba tishu za ndani ya jicho huvimba na kuisukuma lenzi mbele, maji ya jicho yakakosa pa kupitia. Ripoti 23 zinazofanana namna hiyo ni nzito kuliko 2,000 zisizosema mtu alikuwa na umri gani wala alianza dawa lini. Mgonjwa wa topirameti anayefumba jicho kwa maumivu na kuona ukungu anatakiwa afike hospitali siku hiyohiyo. Akisubiri anaweza kupoteza uoni.

Na kuna mahali ambapo kope ni suala la kufa na kupona. Kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni na lamotrijini zinaweza, kwa watu wachache, kuleta sindromu ya Stevens-Johnson: homa, macho mekundu yanayowasha, vidonda mdomoni, kisha ngozi inayotoka malengelenge na kubanduka. Mara nyingi hutokea wiki za mwanzo. Anayepona anaweza kubaki na kope zilizoshikana na jicho, nywele za kope zilizogeukia ndani zikikwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa, na macho makavu maisha yote. Kuna pia mmenyuko uitwao DRESS, ambao huvimbisha uso na eneo la macho pamoja na tezi na kuumiza ini. Novemba 2023 FDA ilitoa tahadhari ya DRESS kwa levetirasetamu na klobazamu. Kwa hiyo yeyote anayewaambia wagonjwa kwamba kope zilizovimba ni maudhi madogo madogo, yatapita, bila kuuliza kuhusu homa, vipele na vidonda mdomoni, naye anafanya hatari kama anayeeneza hofu.

Watafiti wa Taiwan walionyesha mwaka 2004 kwamba wagonjwa wa asili ya Kichina waliopata sindromu ya Stevens-Johnson kwa kabamazepini, wote waliochunguzwa, walikuwa na chembe ya urithi HLA-B*15:02, na mwaka 2007 FDA ikaelekeza watu wenye asili ya Asia wapimwe kabla ya kuanzishiwa dawa hiyo. Chembe hiyo ni adimu sana kwa Waafrika. Hatuna kipimo cha namna hiyo kilichotengenezwa kwa ajili yetu, na sababu moja ni kwamba katika hifadhi za ripoti za dunia sisi hatupo. Tanzania ilijiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usalama wa dawa mwaka 1993, Kenya mwaka 2010. Hadi mwaka 2015 bara zima la Afrika lilikuwa limechangia chini ya asilimia 1 ya ripoti katika hifadhi ya dunia iliyoko Uppsala, Sweden. Anayesoma leo mjini Tanga au Kisumu kwamba dawa yake imehusishwa na kope, anasoma habari za kope za Wamarekani.

Haikuwa lazima iwe hivyo, maana tumewahi kufanya kazi hii na kuifanya vizuri. Mwaka 1991 watafiti mjini Nairobi walionyesha kwamba dawa ya kifua kikuu iitwayo thiasetazoni iliwaletea athari za ngozi wagonjwa wenye VVU kwa takriban asilimia 20, wakati kwa wasio na VVU ilikuwa kama asilimia 1. Baadhi ya walioathirika walifariki kwa kubanduka ngozi. Matokeo hayo yalibadilisha tiba ya kifua kikuu duniani. Hawakuchota takwimu za nchi nyingine. Waliwafuatilia wagonjwa wao, wodini kwao, wakijua ni wangapi waliomeza dawa na wangapi walidhurika.

Upande wa kifafa nao tuna historia yetu. Mahenge, wilayani Ulanga, Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa karibu na wakati wa uhuru, akiwatibu kwa fenobabitoni watu ambao majirani waliogopa hata kuwagusa wakianguka motoni, kwa imani kwamba mate yao yanaambukiza. Wagonjwa 164 wa kliniki hiyo walipotafutwa miaka 30 baadaye, karibu theluthi mbili walikuwa wamefariki, na zaidi ya nusu ya vifo vilihusiana na kifafa: mishtuko isiyokatika, kuzama, kuungua. Huo ndio uzito ulio upande wa pili wa mizani mtu anapofikiria kuacha dawa kwa sababu ya kope. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wana kifafa, wengi wao katika nchi kama zetu, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko kama wangetibiwa ipasavyo.

Kwa hiyo maswali ninayotaka yaulizwe kwenye dirisha la dawa ni ya kawaida kabisa. Kope inafanya nini hasa, inacheza, inabana, imeanguka au imevimba? Moja au zote mbili? Ilianza kabla ya dawa au baada, na baada ya muda gani? Dozi iliongezwa hivi karibuni? Anameza nini kingine, zikiwemo ARV, dawa za kifua kikuu na dawa za miti shamba ambazo wengi hawazitaji mpaka waulizwe kwa upole? Kope iliyoanguka inazidi kulegea jioni na kupata nafuu baada ya usingizi? Hilo la mwisho linaweza kuelekeza kwenye ugonjwa wa udhaifu wa misuli, myasthenia gravis, ambao fenitoini imewahi kuripotiwa kuuzidisha. Kama kuna homa, vidonda mdomoni au ngozi inayouma, mgonjwa apelekwe hospitali sasa hivi, na uamuzi wa kusimamisha dawa na kuweka nyingine ufanyike hukohuko. Kama hakuna, aendelee na dozi yake hadi amwone daktari, na daktari akiamua kuibadili, mara nyingi hupunguza kidogo kidogo.

Majibu hayo yaandikwe. Tanzania Bara kuna fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, Kenya kuna mfumo wa PPB, bodi ya famasia na sumu, na mgonjwa mwenyewe ana haki ya kuripoti bila kungoja daktari. Picha ya kope iliyopigwa kwa simu, yenye tarehe, inamfaa mchambuzi kuliko sentensi kumi. Mamlaka hizo nazo zina deni kwetu: zitoe kila mwaka, kwa Kiswahili kinachosomeka, zimepokea ripoti ngapi kwa kila dawa ya kifafa, ngapi zilifuatiliwa hadi kwa mgonjwa, na kilichobainika ni nini. Mama anayejaza fomu kuhusu kope za mwanawe anastahili kurudishiwa jibu.